Mwezi wa 13: ugomvi wa lugha za kompyuta, na wanaojificha nyuma yake

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ndipo nipate uso wa kuzungumzia za wengine.

Nikiwa naandika tasnifu ya uzamili, nilitunga programu ndogo kwa lugha ya C. Kazi yake ilikuwa rahisi: ichukue takwimu za mvua za miaka 30 kutoka kituo kimoja cha kanda ya kati, ijumlishe miezi 12 ya kila mwaka, kisha initolee grafu. Grafu ikatoka, safi kabisa. Mvua ya mwaka ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, lakini nyie mnatujua watafiti, hatukosi maelezo. Nikaandika aya nzima kueleza kwa nini. Dokta anayenisimamia akaisoma, akaweka alama ya vema pembeni.

Wiki chache baadaye laptop yangu ikafa. Nikahamishia programu ileile, na takwimu zilezile, kwenye kompyuta ya maabara. Miaka 29 ikatoka kama mwanzo. Mwaka wa 30 ukaniambia kwamba kituo changu, kilichoko kwenye nchi kavu ya mibuyu, kilipata mvua yenye kina kuliko Bahari ya Hindi.

Kosa lilikuwa alama moja tu. C huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo miezi 12 hukaa kwenye nafasi ya 0 hadi ya 11. Mimi niliandika, kwa maneno ya kawaida, "endelea mpaka ufike 12, na 12 yenyewe ikiwemo". Hiyo ni miezi 13. Kwa kuwa miaka imepangwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta mmoja baada ya mwingine, mwezi wa 13 ukawa Januari ya mwaka unaofuata, na kanda ya kati Januari ni mwezi wa mvua. Ndiyo maana jumla zangu zilinenepa. Mwaka wa mwisho haukuwa na Januari ya kukopa, basi programu ikachota chochote kilichokuwa jirani. Kwenye laptop yangu jirani alikuwa sifuri. Kwenye kompyuta ya maabara alikuwa takataka.

C haikusema kitu. Haikuzima, haikunionya. Na hapo ndipo unapoanzia mmoja wa ugomvi mkali zaidi kwenye ulimwengu wa programu kwa sasa: je, lugha kama C na C++ zistaafu, zipishe lugha kama Rust?

Gesti isiyo na mhudumu

Fikiria kumbukumbu ya kompyuta kama gesti yenye vyumba vingi vilivyopewa namba. Programu inapohitaji kuhifadhi kitu, inakodi vyumba. Ikimaliza, inarudisha.

Kwenye C, iliyotengenezwa na Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, gesti hii haina mhudumu wa mapokezi. Umekodi vyumba 12? Sawa. Ukienda kufungua cha 13, mlango unafunguka. Ndani unaweza kukuta chumba kitupu, mzigo wa mtu mwingine, au nywila ya mtu mwingine. Kosa la aina hii huitwa kusoma nje ya mpaka. Ukiingia na kubadilisha vitu vya humo, ni kuandika nje ya mpaka, na hilo ni baya zaidi, maana mdukuzi akijua namna ya kukuelekeza, atakufanya uweke humo maagizo yake.

Kuna kosa la pili. Umeondoka gesti, umerudisha chumba, lakini ulichonga ufunguo wa ziada. Kesho chumba kinapewa mgeni mwingine, na wewe bado unaingia na kutoka. Huko ni kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa.

Usidhani Ritchie alikuwa mzembe. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na mhudumu anakula nafasi na muda. Gesti bila mhudumu ilikuwa na kasi, na kwa kiasi kikubwa bado inayo. Kiini cha Linux, kilichozaliwa 1991, kimeandikwa kwa C, na Android imejengwa juu ya Linux. Kama unasoma makala hii kwenye simu ya Android, hivi sasa umekaa ndani ya gesti hiyo.

Miezi ya 13 ya watu wengine

Novemba 1988, kirusi kilichojulikana baadaye kama mnyoo wa Morris kilisambaa kwenye kompyuta za intaneti, ambayo wakati ule ilikuwa bado changa. Njia mojawapo iliyotumia ni kuipa programu maandishi marefu kuliko nafasi iliyotengwa, yakafurika hadi chumba cha jirani. Yaani tatizo hili linajulikana hadharani kwa zaidi ya miaka 35.

Aprili 2014 ikaja Heartbleed. Hili lilikuwa kosa ndani ya OpenSSL, programu ya bure iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Lilifanya kazi hivi. Umefika stendi, unamwachia mtunza mizigo begi moja, lakini kwenye karatasi unaandika "mabegi 500". Unaporudi, mtunza mizigo anasoma karatasi badala ya kuhesabu, anakukabidhi begi lako na mengine 499 yaliyokuwa karibu. Seva zenye OpenSSL zilifanya vivyo hivyo: ziliambiwa urefu wa ujumbe, zikauamini bila kuuhakiki, zikamrudishia aliyeuliza hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu kwa mara moja. Humo mlikuwa na uwezekano wa kupatikana nywila na hata funguo za siri za seva. Kosa lilikuwa limekaa humo tangu toleo la mwaka 2012.

Kisha Julai 19, 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho kwa wateja wake. Programu yao ilitarajia vipande 21 vya taarifa, ikapewa 20. Ikaenda kukisoma cha 21. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zilizima na kukataa kuwaka sawasawa. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa, hospitali na benki zikayumba.

12 na 13. 20 na 21. Nilipoisoma ripoti yao nilijisikia kama nimekutana na ndugu wa ukoo.

Wanaodai lugha mpya

Rust ilianzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006, ikalelewa na Mozilla, na toleo la 1.0 likatoka Mei 2015. Ahadi yake ni gesti yenye mhudumu mkali ambaye kazi yake kubwa anaifanya kabla wageni hawajafika.

Kila chumba kina mwenyeji mmoja tu kwenye daftari. Mwenyeji anaweza kukiazima: ama watu wengi waingie kutazama tu, ama mtu mmoja aingie kupanga upya vitu, lakini si yote mawili kwa wakati mmoja. Mwenyeji akiondoka, funguo zote za kuazima zinakufa. Kompaila, yaani programu inayotafsiri ulichoandika kuwa lugha ya mashine, inakagua daftari hilo lote. Ikikuta ufunguo wa kuchonga, inakataa kutafsiri. Na ukijaribu kufungua chumba cha 13 wakati programu inaendelea, inasimama papo hapo na kukuambia umesimama wapi.

Java na Python nazo zina mhudumu, ila wao wanatumia mfagiaji anayezunguka kutafuta vyumba vilivyoachwa. Ni salama, lakini mfagiaji ana gharama, na kuna kazi ambazo haziwezi kumsubiri apite. Kivutio cha Rust ni kwamba inaahidi usalama bila mfagiaji.

Ushahidi wao mkubwa ni asilimia 70. Mwaka 2019 Microsoft walisema kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama wanaousajili kila mwaka kwenye bidhaa zao unatokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka 2020 timu ya Chromium, inayotengeneza msingi wa kivinjari cha Chrome, ikatoa karibu namba hiyohiyo kwa makosa yao mazito ya kiusalama. Novemba 2022 shirika la usalama la Marekani, NSA, likashauri watu wahamie kwenye lugha salama, na Februari 2024 ofisi ya Ikulu ya Marekani ikatoa ripoti ya kusema hivyohivyo. Bjarne Stroustrup, baba wa C++, hakufurahi, na alijibu.

Wanaotetea ya zamani

Hoja ya kwanza ya watetezi wa C nadhani ni dhaifu: "mwandishi mzuri hakosei". Microsoft na Google wanaajiri watu waliochujwa mara tano, wanaokaguana kazi zao kila siku, na bado wanazalisha miezi ya 13. Kama wote hao ni wazembe, basi mwandishi mzuri anayesemwa hajazaliwa.

Lakini zipo hoja nzito. Moja: programu zilizoandikwa kwa C na C++ ni nyingi mno, na kuandika upya kitu kinachofanya kazi ni njia ya uhakika ya kuzalisha makosa mapya. Mbili: Rust ina mlango wa nyuma. Kuna neno unaloandika kumwambia mhudumu "hapa niachie mwenyewe", na ukishuka chini kabisa kwenye mitambo utalihitaji. Tatu: ni ngumu kujifunza. Nimewaona wenzangu wenye akili zao wakibishana na kompaila ya Rust mpaka usiku wa manane kama wanagombania mirathi.

Ugomvi huu umeingia hadi ndani ya Linux. Rust ilikubaliwa rasmi kwenye toleo la 6.1, Desemba 2022, na tangu hapo malumbano hayajakoma. Baadhi ya waliokuwa wakiipigania wamebwaga manyanga, wakisema wamechoshwa na vita ambavyo si vya kitaalamu tena. Ukisoma majibizano yao unaona wazi: huyu amewekeza miaka 30 ya maisha kwenye C, ukimwambia lugha yake ni hatari anasikia "maisha yako yalikuwa kosa". Na yule amejifunza Rust majuzi, ana juhudi za muumini mpya anayetaka kijiji kizima kibatizwe kabla ya Jumapili.

Tuisome asilimia 70 vizuri

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo namba hupotosha.

Asilimia 70 ni ya udhaifu wa kiusalama. Si ya makosa yote. Programu inaweza kuwa salama kabisa kwenye kumbukumbu na bado ikakukata hela mara mbili, kwa sababu kukata mara mbili ni kosa la mantiki, na mhudumu wa gesti hajui hesabu zako. Vilevile namba hiyo imetoka kwenye programu zilizoandikwa hasa kwa C na C++. Haikuambii chochote kuhusu tovuti iliyoandikwa kwa lugha nyingine ikaacha mlango wazi kwa uzembe wa mwenyewe.

Namba inayonishawishi mimi ni nyingine. Mwaka 2019, asilimia 76 ya udhaifu wa kiusalama wa Android ulikuwa wa kumbukumbu. Mwaka 2024 ulishuka hadi asilimia 24. Na Google wanasema hawakuandika upya mfumo mzima. Walichofanya ni kuandika sehemu mpya kwa lugha salama, ya zamani wakaiacha ikirekebishwa taratibu. Inaingia akilini: makosa mengi hukaa kwenye kazi mpya, kwa sababu ya zamani imeshakanyagwa na watu wengi na mashimo yake mengi yamezibwa. Kwa hiyo suluhisho halikuhitaji kubomoa nyumba. Ilitosha kuacha kununua matofali mabovu.

Ndiyo, ni Google wakijipima wenyewe, na mtu anayejisahihishia mtihani huwa hafeli. Lakini mwelekeo ni wa miaka mitano mfululizo, na sababu waliyotoa inaelezeka. Kwa upande wa sayansi, mimi nimekubali: aina ya lugha ina athari, na athari hiyo ni kubwa.

Lugha haina wakili

Sasa nakuja kwenye kinachonikera.

Tazama namna makampuni yanavyoipenda hadithi hii. Tatizo ni C. Tatizo ni teknolojia ya miaka ya 1970. Lugha haina wakili, haina wanahisa, haiwezi kujibu. Ni mshtakiwa mzuri sana.

Rudi kwa CrowdStrike. Ndiyo, kipande cha 21 kilisomwa nje ya mpaka. Ila sasisho hilo lilitumwa kwa wateja wote kwa pamoja, badala ya kuanza na wachache kuona kama kuna shida. Walilivuta baada ya dakika 78, na dakika hizo zilitosha. Hakuna lugha iliyowalazimisha kutuma kwa wote. Huo ulikuwa uamuzi wa watu, na baadaye wao wenyewe waliahidi kuanza kutuma kwa awamu. Mama lishe akibadilisha mapishi anamwonjesha mtu mmoja kwanza.

Rudi kwa Heartbleed. OpenSSL ilikuwa ikilinda biashara za mabilioni ya dola, huku mradi wenyewe ukipata michango ya takribani dola 2,000 kwa mwaka na ukiwa na mfanyakazi mmoja tu wa muda wote. Makampuni makubwa yaliitumia bure miaka yote hiyo. Fedha za maana zilichangwa baada ya aibu kutokea. Je, kosa lilikuwa la C? Ndiyo. Je, jicho la pili lenye kulipwa lingeweza kuliona ndani ya miaka miwili? Naamini lingeweza.

Na kwa wale wanaodhani Rust ni dawa ya kila ugonjwa, Novemba 18, 2025 ilikuwa siku ya kutafakari. Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi sana duniani hupitisha mawasiliano yake, ilianguka kwa saa kadhaa. Badiliko kwenye hifadhidata yao lilifanya faili moja la kutambua roboti lijirudie na kuvimba. Programu ya kulisoma ilikuwa na kikomo cha sifa 200, ingawa kwa kawaida zilizotumika ni kama 60. Kikomo kikavukwa. Programu hiyo ilikuwa ya Rust, na Rust ilifanya ilichoahidi: haikusoma chumba cha jirani. Ila mwandishi alikuwa ameiagiza, kwa neno moja, kitu kama "hapa hapawezi kuharibika, pakiharibika, zima kila kitu". Pakaharibika. Ikazima.

Hakuna nywila iliyovuja, na hiyo ni tofauti kubwa na Heartbleed, tusiidharau. Lakini kwa mtu aliyekuwa akijaribu kufungua tovuti siku ile, usalama wa kumbukumbu haukumsaidia kitu. Na faili lile nalo lilisambazwa mtandao mzima kwa haraka. Umeona kinachojirudia? Kipande cha 21 na faili lililovimba yameandikwa kwa lugha tofauti, lakini yamesafirishwa kwa haraka ileile.

Kwa hiyo kampuni ikikutangazia kwa mbwembwe kwamba "tumeandika upya kwa Rust", pongeza, halafu uliza maswali mengine. Sasisho linajaribiwa kwa nani kwanza? Nani anawalipa wanaotunza programu za bure mnazozitegemea? Na simu ya miaka minne iliyopita, ambayo ndiyo wengi wetu tunatembea nayo mfukoni ikiwa na hela zetu, itaendelea kupata marekebisho au mmeshaisahau? Maana ile asilimia 24 haimsaidii mwenye simu iliyoacha kupokea masasisho. Yeye bado anaishi kwenye gesti ya zamani.

Ushauri kwa mwanafunzi

Vijana wa mwaka wa pili huniuliza wajifunze lugha gani. Jibu langu huwaudhi kwa sababu halina ushabiki. Jifunze C kidogo, uone vyumba vyenyewe vilivyo. Ukianza mradi mpya na huna sababu ya msingi ya kutumia C, chagua lugha yenye mhudumu: Python, Java, Rust, unayoiweza. Na kama umelazimika kutumia C, kama mimi na msimbo niliorithi maabara, usiitumie kavukavu. GCC na Clang zinakuja na kifaa cha bure kinachoitwa AddressSanitizer. Unakiwasha kwa agizo moja wakati wa kutafsiri programu, nacho kinapiga kelele ukitoka nje ya eneo ulilokodi. Kingenikamata kwenye mwaka wa 30 siku ya kwanza.

Sikukiwasha, kwa sababu sikujua kipo, na kwa sababu programu ilikuwa "inafanya kazi".

Nilipogundua kosa nilikwenda ofisini kwa Dokta. Tulikuwa tumebakiza siku chache kutuma ikisiri ya mkutano. Nikamweleza yote: alama moja, miezi 13, Januari ya kukopa. Nikamalizia kwa kusema, "Dokta, kwa kweli hii C ni lugha mbaya. Ingetakiwa initahadharishe."

Akanyamaza. Akafungua rasimu yangu, akashuka hadi kwenye ile aya yenye alama yake ya vema, ile iliyoeleza kwa nini mvua imeongezeka.

"Sawa, programu ilikosea," akasema. "Na hii aya, nayo iliandikwa na C?"

Ikisiri hatukuituma.